Sukutua, Tema, Usimeze

Jumatatu, 4 Machi 2019

Kisaka. Mvua asubuhi, matope kutwa.

Nimenunua daftari. Sababu ni moja tu: siwezi kusema. Mimi Dorka, Mama Vivi wa kibanda cha chakula, niliyekuwa nikimwita mteja aliye ng'ambo ya kilima na anakuja — leo nimeuza maharage kwa vidole! Mdomo umejaa vidonda. Ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani, mpaka chini ya ulimi ambako sikujua kama kuna kitu cha kuuma. Basi maneno yote niliyoyameza leo nayamwaga hapa. Yakibaki tumboni yatanivimbisha.

Chanzo ni dripu za Mwanza, zile za kansa ya titi. Ya tatu nilichomwa Jumatatu iliyopita. Daktari alinionya mapema kwamba dawa ile inapiga ugonjwa lakini haichagui vizuri, inapiga na mdomo. Kweli imenipiga. Ya nne ni tarehe kumi na nane.

Nesi alinipa chupa. Maji ya rangi ya waridi, mazito kidogo. Tikisa, jaza kifuniko, sukutua mpaka uhisi ganzi, tema, usimeze. Nusu saa usile wala usinywe. Mara nne kwa siku. Halafu akasema jingine, akaninyooshea kidole: siku hiyo wakikuta mdomo bado mbovu, dripu itasogezwa mbele. Na ikisogezwa-sogezwa, uvimbe unapata nafasi ya kuinuka tena. Kwa hiyo mama, tunza huo mdomo, ndiyo nauli yako ya kupona.

Habari ya kusogezwa niliisikia vizuri sana. Habari ya uvimbe iliingia sikio hili ikatokea lile.

Nimesukutua mara moja jioni. Ladha ya chaki iliyolala na ndizi mbovu! Midomo ikafa ganzi, nikawa kama nimeazima mdomo wa mtu. Baada ya nusu saa nikanywa maji, yakapita kidevuni mpaka kifuani. Mtu mzima wa miaka sitini na moja.


Jumatano, 6 Machi

Sasa napiga sufuria kwa mwiko. Mara moja ni ugali na maharage, mara mbili ni ugali na dagaa. Wateja wamejifunza haraka kuliko wanangu walivyojifunza kusoma.

Heche amenicheka mpaka ameshika nguzo. Huyu ni kijana wa Kikurya, duara lake liko nyuma tu ya kibanda changu. Tangu watu waone dhahabu kwenye lile shamba la mahindi mwaka jana, kila mtu ana shimo na kila shimo linaitwa duara, na la Heche mpaka leo limetoa udongo tu. Ila mdomo anao! Ati rashi nzima, machimbo yote haya ya kukimbilia dhahabu, imepata amani tangu ninyamaze. Ati mdomo uliponza kichwa, sasa kichwa kimelipiza. Nimemrushia kitambaa cha kufutia meza. Kimempata usoni.

Vivian amepiga simu kutoka Turwa. Binti yangu anauza mitumba sokoni, lakini akishika simu anageuka daktari mkuu wa mkoa. Umesukutua? Mmh. Mara nne? Mmh. Uzuri wa kuumwa mdomo — uongo unakuwa mfupi.

Ukweli ni kwamba leo chupa sijaigusa. Ladha mbaya, ganzi mbaya, na nusu saa bila chai ni kifungo. Na pia — andika tu Dorka, nani anasoma? — mdomo usipopona, tarehe kumi na nane hawanichomi. Si mimi niliyekataa. Ni vidonda. Nani atanilaumu?


Alhamisi, 7 Machi

Yawa! Leo kuna jambo.

Mchana, watu wamejaa, nikaonja mchuzi kwa mazoea. Chumvi ikaingia kwenye vidonda vyote kwa pamoja. Machozi! Nikasahau ujanja wangu wa jana, nikaikamata chupa, nikajaza kifuniko, nikawa nasukutua huku nasonga ugali. Mashavu yamejaa. Mteja ananiuliza kama kuna nyama, namjibu kwa nyusi. Ganzi ilipoanza nikakimbia nyuma kutafuta pa kutema. Pako wapi? Kila mahali ni kifusi na watu. Nikatema palipokuwa karibu, yaani kwenye mdomo wa duara la Heche. Puuu! Waridi juu ya udongo mwekundu.

Nikainua macho. Heche amesimama na kamba mkononi. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ulimi umelala — ikatoka "hamahaa." Akavua kofia.

Nikarudi kwenye ugali wangu nikiwa na aibu.

Jioni nasikia kelele. Vijana wa Heche wamegonga mwamba wenye kitu! Mawe meupe yenye nyuzi za njano, viroba vinapanda kwa kamba kimoja baada ya kingine. Wanaimba, wanabebana, mmoja amepiga magoti kwenye matope. Heche amepita mbele ya kibanda. Hakunitania. Amenitazama tu, kwa macho ambayo sijayapenda.


Jumamosi, 9 Machi

Nilijua.

Asubuhi amekuja Heche na jogoo kwapani, nyuma yake vijana wake, na wote wameoga. Kwenye rashi kuoga si jambo dogo. Shikamoo Mama, kwa mikono miwili. Kisha maelezo. Kwao bibi mwenye umri akikutemea mate amekubariki. Bibi yake mwenyewe alimtemea kifuani asubuhi ya kutahiriwa, na kisu hakikumtikisa. Sasa mimi, mjane, mtu mzima, nimelitemea duara lake bila kuombwa na bila kudai kitu. Baraka ya hiari! Ndiyo kali kuliko zote.

Kusema kweli hata kwetu Wajaluo ni hivyo. Mama alinitemea kifuani siku naolewa na marehemu Ogada. Lakini mama hakunitemea dawa ya hospitali!

Hayo ningeyasema. Shida walinikuta na kifuniko kimeshaingia mdomoni. Nikatikisa kichwa kukataa, uzi wa waridi ukachuruzika kwenye kona ya mdomo. Kijana mmoja akanong'ona, inakuja, inakuja! Wakajipanga pande mbili mpaka kwenye duara, wakaniachia njia katikati. Kumeza siwezi, kutema miguuni mwao siwezi. Nikaenda nikatema shimoni. Wakaitikia kama kanisani.

Halafu ile nusu saa yangu. Nimekaa kwenye kigoda, sili, sinywi, sisemi kwa ajili ya ganzi. Na wao wakakaa! Wakadhani ni sehemu ya baraka. Chai imemiminwa, inapoa, hakuna anayegusa. Mchungaji wetu hajawahi kuwanyamazisha wanaume hawa hata kwenye mazishi. Nilipochukua kikombe na kunywa, wote wakashusha pumzi na kunywa.

Supu ya yule jogoo nimeinusa tu. Kunusa nako kuna raha yake.


Jumapili, 10 Machi

Dada yangu Atieno amevuka mpaka pale Sirari kuja kuniona. Ameolewa Migori miaka mingi, Kiswahili chake kimeshakuwa cha huko. Ameleta unga, sukari, na chupa ya bluu yenye picha ya meno yanayocheka. Ati hii ndiyo mouthwash original, ya supermarket, hiyo yenu ya pinki ni ya watoto. Si ujaribu tu, siz?

Nikajaribu.

Nimeona vimulimuli! Kumbe ndani kuna spiriti. Nimepiga yowe ambalo sijalipiga tangu nimzae Vivian. Nimetema mpaka ukutani, nimeruka, nimechutama, nimesimama, Atieno ananizunguka na kikombe cha maji akisema woi, woi, kwani iko nini? Majirani wamekuja wakidhani kuna nyoka. Na yowe lenyewe ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kusikika vizuri tangu Jumatatu.

Vivian amemgombeza shangazi — hapana, mama mdogo, hasira inanichanganya — amemgombeza kwa simu mpaka Atieno akazima. Mtu wa dripu hawekewi spiriti mdomoni! Atieno akanuna, kisha tukatazamana, tukacheka, mimi kwa pua tu maana kwa mdomo inauma.

Chupa ya bluu ameitumia kusafishia kioo. Kioo kinang'aa.

Nilimsimulia habari ya Heche kwa kuandika na kuigiza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, na ile ya tarehe kumi na nane? Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole, nikainua mabega. Atieno ananijua tangu tunalala kitanda kimoja. Akaanza kukunja nguo zake za kuondokea.


Jumanne, 12 Machi

Mambo yamekuwa mambo! Machage naye anataka.

Machage duara lake liko upande wa mto, mtu wa makamo, tumbo mbele, maneno mazito. Amekuja jana na kilo ya nyama na malalamiko. Kwa nini baraka ya mama inamwagika kwa Heche peke yake? Mimi ni mama wa rashi au mama wa Heche? Heche akatoka shimoni na tope mpaka kope. Wakabishana mbele ya sufuria zangu kuhusu mate yangu, mimi nipo katikati nasonga ugali kama vile siwahusu. Mwisho wakagawana wenyewe. Ya asubuhi kwa Heche, ya mchana kwa Machage, ya jioni kwa yeyote atakayewahi. Ya kulalia wakaniachia. Asante sana!

Sasa sina pa kukimbilia. Nikimaliza kunywa uji tu, nasikia sauti kutoka nje: Mama, dawa! Nikijifanya nimesahau, kijana wa Machage anaiinua chupa kwenye rafu, anaitikisa yeye, ananimiminia kifuniko hakuna tone linalomwagika. Leo asubuhi nilitaka kutema haraka, Heche akasema bado, Mama, haijakolea. Ameshajifunza kuangalia macho yangu yanavyolegea ganzi ikiingia. Nesi wa Mwanza angewaona angewaajiri wote.

Kufa kufaana, ndivyo wasemavyo. Vidonda vyangu vimekuwa neema ya watu.

Leo mchana nimekula ugali laini na mlenda, mpaka nikamaliza. Sikulia. Nilipomaliza nikapitisha ulimi kwenye shavu — pale palipokuwa na shimo pana pamelainika. Nikafurahi sana, nikataka kupiga sufuria.

Halafu nikakumbuka kupona maana yake nini. Nikakaa na sahani mapajani.


Jumatano, 13 Machi

Mvua kubwa. Watu hawashuki mashimoni, kibanda kiko kitupu. Niandike.

Naogopa dripu. Basi. Nimeandika.

Siogopi sindano, nimezaa wanne. Naogopa ule ubaridi unaopanda na mkono. Naogopa zile siku za kutapika hata mate, kulala sakafuni kwa sababu sakafu haizunguki. Na kuna yule mama wa Ukerewe aliyekaa kiti cha pembeni yangu. Dripu ya pili tulicheka pamoja, alikuwa anamwigiza mume wake anavyopika, mpaka nesi akatukanya. Dripu ya tatu kiti kile kilikuwa na mtu mwingine. Sikuuliza. Nilijua kuuliza, nina mdomo mimi, lakini sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Vidonda vilikuwa vimenipa sababu nzuri. Sasa wanaume hawa na dhahabu yao wananiponya kwa nguvu.

Jioni mvua ilikatika, Heche akaja. Sauti yangu inarudi, mbaya lakini inarudi, nikaona nimweleze ukweli. Nikamwambia mwanangu, hii ni dawa ya hospitali, ya vidonda. Si baraka. Mimi natema kwa sababu chupa imesema niteme. Mwamba wako mliugonga kwa sababu mlichimba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, bibi yangu alikuwa anatema pombe ya mtama. Pombe yenyewe alikuwa anainunua kwa jirani. Nani alisema baraka iko kwenye pombe?"

Nikamwambia basi nitatema maji ya kawaida, yana tofauti gani. Akafikiri. Akasema hapana Mama, tusijaribu bahati, endelea na ya pinki.


Ijumaa, 15 Machi

Leo nimemfokea Machage na rashi nzima imesikia.

Duara lake limetoa maji badala ya dhahabu. Yamejaa mpaka kiunoni. Akaja na lawama kwamba nilitema kwa kinyongo, tena nilitema upande wa kushoto. Ah! Maneno yakatoka yenyewe, yaliyokuwa yamerundikana tangu wiki iliyopita yakatoka na wenzao. Nikamwambia umechimba kando ya mto, ulitegemea nini, uji? Nikamwambia mate yangu si pampu. Nikamwambia ile kilo ya nyama ilikuwa mifupa mitupu! Watu wakatoka mashimoni kusikiliza. Nilipomaliza wakapiga makofi. Sauti yangu! Nzima, kama kawaida, imegonga kilima cha pili ikarudi.

Makofi yakaisha ghafla. Nikaona wanatazamana. Mdomo umepona. Ukipona, chupa itawekwa. Chupa ikiwekwa, mate yameisha.

Haikupita saa, ikaja bakuli kutoka kwa Machage. Ya kuomba radhi, mjumbe akasema. Nikafunua — kichuri! Ule mchuzi mchungu wa matumbo ya mbuzi, wa moto unatoka mvuke, na pilipili zinaelea juu kama hazina aibu. Mtu anamletea kichuri mgonjwa wa mdomo? Kwa kuomba radhi? Nimerudisha bakuli na ujumbe: mwambie mwenye bakuli anywe yeye, nimwone. Mura yule, kijana aliyeleta bakuli, hajaonekana tena leo.

Heche ndiye aliyenimaliza. Amekuja taratibu, amechutama karibu na jiko, amechokora moto ambao haukuhitaji kuchokorwa. Kumbe anapiga hesabu. Akaniuliza, ile dripu ndiyo iliyoleta vidonda, sivyo? Nikasema ndiyo. Na Jumatatu ni dripu nyingine? Ndiyo. Kwa hiyo vidonda vitarudi? Nikamwangalia. Uso unang'aa!

"Basi nenda Mama! Nenda kabisa! Mimi nitakupeleka kwenye basi!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Vivian anataka niende, Atieno anapiga simu niende, Heche anataka niende, na hata Machage nasikia ameshaomba zamu ya asubuhi nikirudi. Rashi nzima inataka nikachomwe. Asiyetaka ni mmoja tu, na ndiye mwenye mkono.

Nimepata mpango. Nitakwenda, wasinisumbue. Kule wakiniuliza, nitasema chini ya ulimi bado panauma. Maumivu hayaonekani kwa tochi.


Jumapili, 17 Machi

Mwanza. Tumefikia kwa binamu ya marehemu, Vivian amelala na viatu.

Heche alinipeleka kwenye basi kwa pikipiki kama alivyoahidi. Alfajiri, barabara telezi, alikuwa anaendesha kama amebeba mayai. Njia nzima hakunitania hata mara moja. Nilifikiri labda ndiyo huzuni ya mate.

Tulipofika kituoni akanishusha, akanifunga mtandio vizuri. Akaniambia jana duara halikutoa kitu, na juzi pia. Ule mkanda wa mwamba umekatika. Nikamwambia pole, ndiyo hivyo, nilikuambia mimi si mganga, na mganga mwenyewe hajigangi. Akasema sikuwa nataka kukuambia hilo Mama.

Akasema, "Bibi yangu alikuwa na uvimbe kama huo. Sisi tulikuwa tunamwomba atutemee mate tu. Hakuna aliyempeleka mahali."

Vivian akaniita, basi linaondoka. Nilitaka kumjibu neno zuri. Nikamwambia akapige deki kibanda changu asiache panya wazaliane. Akasema sawa. Na mimi nikalia mpaka Bunda, Vivian akidhani ni mdomo, ananiuliza panauma wapi nikupe dawa. Nikamwambia chini ya ulimi. Nilikuwa najizoeza.


Jumatatu, 18 Machi

Benchi la kusubiri. Vivian amekwenda kununua maji. Naandika magotini, mwandiko ni wa kuku.

Nimeshapimwa damu. Damu nzuri, wamesema. Nilitegemea damu inisaidie, nayo imewaunga mkono.

Nesi ni yuleyule aliyenipa chupa. Amenikumbuka. Amenikalisha ndani, fungua mdomo mama, zaidi, toa ulimi, inua ulimi. Ameangalia muda mrefu, pande zote. Akasema safi sana! Wengi wakipewa ile dawa hawaitumii, wanaichukia, wanarudi hapa mdomo umeoza. Wewe umefanyaje? Nikamwambia nina wasimamizi. Akadhani nazungumzia wanangu. Nikamwacha adhani hivyo, maana ningeanza kumweleza tungelala hapa.

Halafu akauliza lenyewe. Kuna mahali popote bado panauma, hata kidogo? Sema kweli mama, usivumilie, kama panauma tunasogeza.

Nikafungua mdomo nijibu. Na wakati huohuo akaitwa chumba cha pili, akasema nakuja sasa hivi, utanijibu nikirudi, kaa hapo nje.

Basi nimekaa.

Nikisema ndiyo, kesho jioni niko Kisaka. Nasonga ugali, namtukana Machage, nalala kitandani badala ya sakafuni. Hakuna wa kunilaumu. Nimeizoea sentensi yenyewe, nimeisema basi zima.

Nikisema hapana, ni kile chumba. Mlango uko wazi, navihesabu viti kutoka hapa na kuacha, navihesabu na kuacha. Kile cha dirishani hakina mtu. Pembeni yake amekaa mama mmoja mgeni, mara ya kwanza labda, amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, ananiangalia mimi. Ana macho ya kutaka kuuliza kitu. Najua anachotaka kuuliza.

Chini ya ulimi hapaumi. Nimepapasa sasa hivi kwa ncha ya ulimi, kulia na kushoto. Hapaumi hata kidogo. Kinachouma kiko kwingine na tochi haifiki.

Nasikia viatu vya nesi kwenye korido, vinarudi. Mimi huyu, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe — mpaka sasa sina. Ila naona nimeshavua sweta. Na mkono wa gauni nimeukunja mpaka juu ya kiwiko, ule wa kulia, wenye mshipa mzuri. Sijui hata nimeukunja saa ngapi.